Daktari wa kwenye skrini skulini: kwa Pemba naona nesi aanze kwanza

Kuna hili wazo la kuweka daktari wa mtandaoni skulini, yani mwanafunzi akiumwa anakwenda chumba cha afya hapohapo skuli, nesi anawasha tableti na daktari alioko mbali anamuona na kumuuliza. Marekani vituo vya afya vya skuli vilikuwa 1,135 mwaka 1998-99, mpaka 2016-17 vimeshafika 2,584, na baadhi yao, khasa vya mashamba, vinatumia daktari wa mbali. Mi nauliza kwa Pemba itakuwaje.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Mtoto wa kisiwa kidogo kama Kojani au Kisiwa Panza akiumwa sikio na akaambiwa aende hospitali kubwa, mzee wake aache kazi siku nzima, boti, halafu gari, halafu foleni, mwisho anapewa dawa ya matone basi. Ikitakiwa aende hospitali ya Mnazi Mmoja ndo meli kabisa, nauli na pahala pa kulala Unguja. Tena simu kwenye afya si mambo mageni kwetu, mpango wa Jamii ni Afya ushaenea Unguja na Pemba tokea 2021, watu wa kujitolea wanapita nyumba kwa nyumba na simu zao. Ila mpango ule umelenga zaidi wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, sasa mtoto akishaanza skuli nani anamuangalia? Hapo ndipo daktari wa skrini ana nafasi, hilo sibishi.

Lakini chukua kichocho, mana hawa wa skuli ndo wanaooga kwenye mito na mabwawa yenye konokono wake. Daktari hawezi kukiona kwenye skrini. Kinataka mkojo kwenye kikopo, kijiti cha kupimia damu au darubini, na dawa ziwepo palepale. Na mtoto anaekojoa damu hasemi ovyo, wengine wanadhani kawaida tu, atasema kwa mtu aliekwisha kumzoea, si kwa uso asioujua unaokatika-katika kila netiweki ikishuka.

Siri ndo inayoniuma zaidi. Skuli ngapi zina chumba cha kufunga mlango? Msichana ana tatizo la hedhi, azungumze ofisi ya walimu, sauti inatoka kwenye spika na wenzake wamejaa dirishani, ikifika magharibi mtaa mzima unajua, na hatorudi tena hata akizidiwa. Wazee nao lazima waulizwe mwanzo, kule Marekani wanasaini fomu ya ridhaa, huku sheha, kiongozi wa mtaa, na kamati ya skuli wakae na wazee waeleze kila kitu, bila ya hivo itavumishwa kuwa watoto wanapewa dawa za uzazi wa mpango kwa siri na wazee watawazuia, na mi sitowalaumu.

Kwa hiyo mi nasema visiwa vidogo vianze, nesi mmoja azunguke skuli mbili tatu na vipimo vyake, tableti iwe ya yale yanayomshinda, kama sikio bovu au ngozi isiyoeleweka. Wizara ikiwa na pesa ya kimoja tu basi iajiri nesi. Na bando nani atalilipa mfadhili akiondoka, hilo liandikwe kabla tableti ya kwanza haijashushwa kwenye bandari yetu ya Mkoani.