Uhalifu wa Kivita si Gredi ya Pili

Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Kirumba, Mwanza, habari za vita zikishaanza, iwe Sudan, Gaza au Goma, lazima mmoja akate shauri: "Yale ni mauaji ya kimbari, basi." Ukisema huenda ni uhalifu wa kivita, unaangaliwa kama wakili wa wauaji. Tumezoea kuyapanga makosa haya kama sangara kiwandani, gredi ya kwanza huku, makombo kule. Sheria haikuyapanga hivyo.

Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC) na ambao Tanzania iliuridhia 2002, hausemi kosa lipi ni zito kuliko lipi. Unachouliza ni nini kithibitishwe. Uhalifu wa kivita unataka kuwe na vita na kitendo kihusiane navyo. Kuua mateka mmoja kunatosha. Uhalifu dhidi ya ubinadamu hauhitaji vita, unahitaji shambulio lililoenea au la kupangwa dhidi ya raia. Mauaji ya kimbari yanadai nia ya kuangamiza kundi la kitaifa, kikabila, kimbari au kidini, lote au sehemu yake. Nia iko moyoni mwa mtu, na hapo ndipo waendesha mashtaka hutoka jasho.

Sisi wa Kanda ya Ziwa mambo haya hatukuyasoma magazetini tu. Mwaka 1994 Mto Kagera ulileta miili kutoka Rwanda hadi ziwani, na wavuvi wa Kasensero, upande wa Uganda, wakawa wanaopoa watu. Kesi zikaja kusikilizwa Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari, tarehe 2 Septemba 1998. Ubakaji haukuwamo kwenye mashtaka ya awali. Uliongezwa 1997, kesi ikiendelea, baada ya mashahidi kuusimulia kizimbani, na majaji wakaukubali kuwa sehemu ya mauaji hayo.

Ambalo vijiweni halisemwi kabisa ni kwamba Akayesu huyo huyo hakutiwa hatiani kwa uhalifu wa kivita. Majaji hawakuridhika kwamba alikuwa na uhusiano wa kutosha na upande uliokuwa ukipigana. Mahakama ya rufaa 2001 ilisema kigezo hicho kilikosewa kisheria, lakini uamuzi wa kumwondolea makosa hayo ukabaki. Yaani lile tunaloliita "dogo" ndilo lililoshindikana!

Najua jibu la wapinzani wangu: Mkataba wa 1948 unazilazimisha nchi kuzuia mauaji ya kimbari, ndiyo maana 1994 wakubwa wa Washington walikuwa wakilikwepa neno lenyewe. Ni kweli, na ni aibu. Ila Mikataba ya Geneva, ile ya sheria za vita, nayo inazitaka nchi zote zihakikishe inaheshimiwa, na hilo hatuwadai.

Tume ya Umoja wa Mataifa kuhusu Darfur iliposema 2005 kwamba haikuona sera ya serikali ya mauaji ya kimbari, wapo waliosherehekea kana kwamba Khartoum imesafishwa. Ripoti hiyo hiyo ilisema makosa yaliyotendwa huenda hayapungui uzito yakilinganishwa na mauaji ya kimbari. Na Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA wa Uganda, jirani yetu wa kaskazini, hakushtakiwa kwa mauaji ya kimbari hata kidogo. Alipatikana na hatia kwa makosa 61, akafungwa miaka 25.