Tuache Kuzisugua Sarafu za Wazee

Mwezi uliopita, katika soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, nilioneshwa senti kumi ya mwaka 1936 iliyokuwa inang'aa kama pete ya harusi. Kijana aliyeileta alikuwa ameisugua kwa majivu na limau, akiamini kwamba kadiri inavyometameta ndivyo bei yake itakavyopanda. Nilimrudishia kwa huzuni kubwa, kwa sababu nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kimeondoka pamoja na weusi wake wa miaka mingi.

Senti ya mwaka huo ina historia ya aina yake. Mfalme Edward VIII alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 kabla ya kuvikwa taji, na huko Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa rasmi kwa matumizi ya watu. Sarafu zetu za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, hata hivyo, hazikuhitaji sura ya mfalme. Palitosha jina lake na taji, na upande wa pili pembe za ndovu zilizolizunguka tundu. Ndiyo maana senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki ziliwahi kutoka zikiwa na jina la mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakupata kumshika mfukoni. Zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo si mali ya kumjengea mtu nyumba, lakini kwangu hakuna sarafu ya kikoloni inayoizidi kwa utamu wa kuisimulia.

Zaidi ya jina, kuna herufi ndogo kuliko punje ya ulezi, zinazoonesha sarafu ilitengenezwa wapi. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton cha mji huohuo, na isiyo na herufi ilitoka London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi ilipelekwa pia Pretoria, iliyotia SA, na Bombay, iliyotia I. Anayesugua kwa majivu hulainisha kwanza vitu vidogo kama hivi, na herufi ikishafutika hakuna fundi wa kuirudisha. Ule weusi nao si uchafu: ni ngozi ambayo shaba hujivika polepole kwa miaka mingi, nayo huikinga. Asidi ya limau huila ngozi hiyo, shaba ikabaki uchi, na kwa unyevu wetu wa masika huanza upesi kupata madoa.

Ninaamini kinachowasukuma watu kusugua ni uvumi wa utajiri, ambao katika nyanda zetu za juu umechanganyika na hadithi za rupia, pesa za enzi za Wajerumani, na hazina zao zilizofukiwa. Shilingi ya simba, ile ya kikoloni yenye picha ya simba, ndiyo inayoteswa zaidi, kwa sababu husemwa kuwa ni madini ya fedha tupu. Ukweli ni kwamba tangu 1921 hadi 1946 ilikuwa na robo tu ya fedha, na kwa kuwa uzito wake haufiki gramu 8, anayeiyeyusha hupata kama gramu 2. Iliyotoka kuanzia 1948 haina fedha hata chembe.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote nilivyokusanya nilikipata Rungwe, kwa bibi mmoja aliyekuwa amehifadhi senti kumi za mama yake zikiwa zimetungwa kwenye kamba ya mgomba. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mama alikuwa akizihesabu gizani kwa vidole, zikifika kumi ni shilingi, na shilingi hizo zilikuwa za kodi." Niliyaandika maneno yake siku hiyohiyo, pamoja na jina la kijiji, kwa idhini yake, nikamwomba nizichukue bila kuzifungua. Ningezitoa kwenye kamba na kuziuza mojamoja kwa wakusanyaji wa mbali, zingekuwa chuma kama vyuma vingine vya zamani.

Ziko 37. Nimezihifadhi katika bahasha ya karatasi kavu, na ninapozishika nagusa ukingo tu. Zote ni za kahawia iliyokolea, isipokuwa ndani ya tundu, mahali kamba ilipokuwa ikipita mikononi mwa yule mama; hapo shaba bado imebaki nyekundu kidogo.