"Ilyas yuko wapi?": pepo anayewagawa wasomaji wa Afterlives

Riwaya ya Afterlives ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 2020, mwaka mmoja kabla mwandishi hajapewa Tuzo ya Nobeli. Wengi ninaowajua walioisoma wanaisifu kwa kauli moja mpaka hadithi inapokaribia mwisho, na hapo ndipo kauli zinapoachana. Muda wote huo kitabu kimekwenda taratibu: Wajerumani wametawala pwani yetu, Vita vya Kwanza vya Dunia vimepita vikaacha mashamba yaliyoungua, waliosalia wamerudi kwenye biashara zao mjini. Mara mtoto mmoja, Ilyas, anaanza kunong'ona peke yake. Usiku anasema kwa sauti ya mwanamke, na sauti hiyo inamuulizia Ilyas, yuko wapi.

Ambaye hajakisoma aniwie radhi, nitalazimika kugusa mpaka mwisho wake. Mtoto huyo amepewa jina la mjomba wake, kaka wa mama yake, Afiya. Mjomba alijiunga kwa hiari na schutztruppe, jeshi la Wajerumani, akaenda vitani asirudi. Barua hakuna, wala aliyemwona akifa hakuna. Baba wa mtoto, Hamza, naye alikuwa askari wa jeshi hilohilo, akarudi na jeraha alilotiwa na Mjerumani wa kikosi chake mwenyewe. Sasa nyumbani kunaitwa shekhiya, mganga wa kike wa pepo, ubani unafukizwa, ngoma inapigwa, na jawabu linalopatikana ni kwamba mgeni aliyempanda mtoto hatatulia mpaka habari za Ilyas zijulikane. Miaka mingi baadaye mtoto, keshakuwa mtu mzima, yuko Ujerumani Magharibi anapekua makaratasi. Anakuta kwamba mjomba wake aliishia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin.

Wanaolalamika wana hoja, na si haki kuwaambia tu kwamba hawajui mila. Rafiki yangu mmoja anayesomesha historia sekondari ananiambia kwamba kilichomvuta katika kitabu ni uaminifu wake kwa ushahidi: mishahara ya askari, adhabu za viboko, njaa iliyofuata jeshi kila lilikopita. Pepo alipoingia, alijihisi kama mtu aliyekuwa akishikwa mkono na shahidi, halafu akakabidhiwa kwa mganga bila kuulizwa. Anaona pia kwamba mwandishi alihitaji njia ya kumrudisha mjomba kwenye hadithi baada ya kumwacha kwa muda mrefu, na pepo akawa njia rahisi.

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi, nami nimeifikiria sana. Vita vya watu wetu vimewahi kuelezwa kwa pepo na uganga kwa nia mbaya. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vimeandikwa mara nyingi kana kwamba vilizuka kwa sababu watu waliamini maji yangegeuza risasi kuwa maji. Msomaji anaondoka na picha ya washamba waliodanganywa. Haoni pamba waliyolazimishwa kulima, wala kodi, wala viboko. Haoni pia namna vita vilivyomalizwa: Wajerumani walichoma vyakula na mashamba kwa makusudi, njaa ikaua kuliko bunduki. Serikali yao ilikubali vifo 75,000, na makadirio ya wanahistoria yanafika 300,000. Mtu anayeijua habari hiyo akiona pepo katika riwaya ya vita, ana haki ya kushtuka. Anaogopa mkosaji asije akajificha nyuma ya moshi wa ubani.

Lakini Maji Maji hiyohiyo inanipeleka upande wa pili. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipeleka wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee walioiona vita ile au kuisikia kwa waliopigana. Wazee walisimulia habari za pamba na viboko, na walisimulia pia habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyepandwa na pepo aitwaye Hongo, akazama majini, akatoka mkavu. Kwao yote mawili yalikuwa ni habari ya vita moja. Wajerumani wenyewe walimnyonga Kinjikitile Agosti 1905, na huwezi kueleza kwa nini walimwogopa ikiwa umeshamtoa Hongo. Ukiandika vita ile bila pepo umepunguza ukweli, kama vile ukiiandika bila njaa.

Sasa nirudi nyumbani kwa Afiya na Hamza. Kwa msomaji wa pwani, jambo la kutazama kwa makini ni kile pepo anachokitaka. Pepo wetu wana historia zao. Unguja wako kibuki, ambao asili yao inahesabiwa kuwa Bukini, yaani Madagascar, na wakipanda hutaka brandi. Wako maruhani wanaotaka udi na manukato. Kila kundi ni safari fulani ya baharini iliyokaa vichwani mwa watu. Pepo akipanda, wenyeji humuuliza, unataka nini? Naye hutaja: kitambaa, pete, mbuzi, sadaka. Huyu aliyempanda mtoto wa Afiya hataki kitu cha kupewa kwenye sinia. Anataka mtu atafutwe.

Na anamtafuta mtu kupitia kinywa cha mtoto mwenye jina lilelile. Mtoto yuko kitandani, anaitwa Ilyas, anauliza Ilyas yuko wapi. Hapo niliweka kitabu chini. Nani anayeulizwa, na nani aliyepotea? Wazazi wamempa mtoto jina kwa mapenzi, na jina limekuja na deni.

Tena nadhani deni hilo lina sababu ambayo wasomaji wa mbali hawawezi kuiona kirahisi. Mtu akifa, kuna mambo ya kufanywa: anaoshwa, anaswaliwa, anazikwa, watu wanakaa matanga, hitima inasomwa. Mambo hayo huwafunga waliobaki na huwafungua pia. Aliyepotea vitani hana hata moja. Ukimlilia kama maiti unaogopa kumchulia, ukimngoja kama msafiri miaka inakwisha. Wangapi waliachwa hivyo? Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, ya Wajerumani na ya Waingereza, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi bila majina yao kuandikwa popote. Mwanahistoria anataka karatasi, na karatasi haikuwahi kuwapo. Kilichokuwapo ni nyumba yenye mtu asiyetajwa tena mezani. Kumpa mtu huyo sauti kupitia pepo si kukimbia ushahidi. Ndivyo nyumba ile ingelibeba jambo lile.

Isitoshe, Gurnah hamwachi pepo amalize kazi. Shekhiya hasemi Ilyas yuko wapi. Jibu linapatikana kwa kalamu na kumbukumbu za serikali, huko Ujerumani, baada ya miongo mingi. Ndiyo sababu siafiki kwamba mwandishi alichukua njia rahisi. Mganga ameshika swali, makaratasi yameshika jibu, na mkosaji ametajwa kwa jina la kambi yake.

Ninapokubaliana na walalamikaji ni kwenye mwendo. Baada ya ngoma ile, miaka inapita mbio: vita vya pili, uhuru, ughaibuni, kumbukumbu zinafunguliwa, kitabu kimekwisha. Mjomba aliyetafutwa kwa uchungu mkubwa hivyo anapewa kurasa chache. Mwandishi aliyetumia subira yote ile kuonyesha namna Hamza alivyorudi kuwa mtu, angetupa hata sura moja zaidi ya Ilyas mitaani Ujerumani.

Hasa kwa kuwa sura hiyo ilikuwa na mfano wa kweli. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana kule kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye akaingia vitani akiwa mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu. Aliomba nishani ya waliopigana, akanyimwa. Alikamatwa 1941 kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafia Sachsenhausen Novemba 1944.

Nilimsimulia shangazi yangu kitabu kizima jioni moja, tukichambua mchele. Kwenye pepo hakushangaa hata kidogo, aliuliza tu mtoto alikuwa na umri gani. Nilipofika Sachsenhausen aliacha ungo.

"Wakamsomea hitima?"

Nikamwambia kitabu kinaishia pale kijana anapowaeleza wazazi wake alichokipata. Nikamwambia pia kwamba Ilyas ni wa hadithini, lakini alikuwapo mtu wa kweli aliyefia palepale, mtoto wa Dar es Salaam.

"Jina lake kamili nani?"

"Mahjub bin Adam."

Akalirudia polepole mara mbili, apate kulikumbuka baada ya swala ya isha.