Dawa ya kumwamsha teja iko kwa mkoba wangu na sioni haya

Wiki iliyopita nilipita famasi hapa Scarborough, Toronto, kumchukulia mume wangu dawa zake za presha, na yule mfamasia alipomaliza kunipigia hesabu akaniuliza, kwa sauti ileile wanayokuuliza kama unataka mfuko, naloksoni, ile dawa ya kumwamsha mtu aliyezidisha heroini, ninayo nyumbani? Foleni nyuma yangu ndefu, wamama na watoto wao, wazee, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nikasema sina. Akanitolea kipochi cha zipu, ndani kuna sprei mbili za pua, glavu, karatasi ya maelezo na kile kiplastiki cha kumfunika mtu mdomo unapompulizia pumzi. Akanielekeza dakika chache tu basi. Hakuuliza ni ya nani, hakuuliza kwetu nani anatumia nini, hakutaka cheti cha daktari wala senti. Nikatia kwa mkoba nikaenda zangu kununua vitunguu.

Balaa limekuja nilipoitupia picha kwenye group la familia. Mama mkubwa akaandika, astaghfirullah, mmeshaanza unga huko? Ami akatuma voice note ndefu mpaka nikaisikiliza nikiwa napika na wali ukaiva yeye bado yuko kwenye utangulizi. Na binamu yangu mmoja, anajijua, akaandika wazungu wametuharibu, sasa tunagawiwa vitu vya mateja bure kama peremende za maulidi. Nimejibu mpaka nimechoka ndio maana naandika hapa, mara moja, kila mtu asome.

Kwanza hii si unga na wala haileweshi. Mtu akizidisha heroini, kinachomuua si sumu inayozunguka tumboni, ni pumzi. Ubongo unasahau kupumua. Anakoroma ule mkoromo mbaya, midomo inageuka rangi, ukimtikisa hasikii, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano. Naloksoni inaingia kwenye ubongo inaisukuma ile heroini pale ilipokaa, na ndani ya dakika mbili tatu mtu anaweza kuvuta pumzi. Ukimpa mtu ambaye hakutumia heroini wala jamaa zake kina mofini, haimfanyi kitu. Kwa pombe haifanyi kazi, kwa bugizi, vile vidonge vya usingizi, haifanyi kazi, usijidanganye. Na haikai sana, nusu saa mpaka saa moja na nusu hivi, kwa hivyo anaweza kuzama tena, lazima hospitali, lazima umlaze ubavu na umkalie hapo. Ndiyo yote hayo aliyonifunza yule mfamasia huku watu wanasubiri zamu yao. Ni dawa ya tangu miaka ya 60, si kitu cha siri wala cha kisasa.

Sasa jambo linalonikereketa, na ni moja tu. Dawa hii kwetu Mombasa pia ipo. Msije mkanielewa vibaya kwamba nasema Ulaya na Kanada wana kila kitu na sisi tuna nazi tu. Ipo, hospitalini, ya sindano, kwenye kabati, na kabati lina kufuli, na ufunguo uko kwa mtu ambaye ameenda chai. Na yule mtu anayekufa hafi hospitalini! Anafia uchochoroni, anafia chooni kwa bibi yake, anafia maskani nyuma ya ukuta ambapo wenzake wanaogopa kuita mtu kwa sababu akija mtu atakuja na polisi. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2014 kwamba dawa hii apewe yule anayeweza kuwa karibu mtu akizidisha, na afundishwe. Yaani mwenzake, mama yake, dada yake, jirani. Kule Chicago kuna watu walianza kuigawa mitaani tangu 1996, bila kungoja serikali iwaambie. Sisi mama wa teja tunampa nini? Tunampa ndoo ya maji.

Nyote mnajua nasemea nini, hasa nyinyi wa Majengo. Yule kijana wa nyumba ya pili, alitoka jela mwili umeshasafika, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo kwa sababu mwili umesahau na yeye anajidunga kipimo kilekile cha zamani. Walimmwagia maji, wakamnywesha maziwa, wakampiga makofi, mmoja akasema atiwe maji ya chumvi kwa sindano, wallahi mpaka leo kuna watu wanaamini hiyo ya chumvi. Tuktuk ikaja, hospitali moja siitaji, na huko kwanza tukaulizwa ni nani, anaishi wapi, kala nini, nani atalipa. Kwenye hitma kila mtu akasema ni moyo. Moyo! Miaka ishirini na tatu. Na sote tukaitikia, maskini, moyo, huku tunaangaliana.

Hapo ndipo napotofautisha mimi. Huku unapewa kabla hujaulizwa. Kwetu unaulizwa mpaka mtu anakufa. Jaribu kuingia duka la dawa Kisauni ununue bomba moja la sindano uone macho utakayotolewa, na hapo wewe ni mama mtu mzima na buibui lako. Je, yule kijana mwenyewe? Na akishikwa na polisi na bomba mfukoni ni kesi, hata kama alipewa na shirika ili asishirikiane na mwenzake akapata ukimwi.

Mnakumbuka 2012, serikali ilipotangaza itagawa sindano safi? Pwani yote iliwaka. Mimbari zikasema, makanisa yakasema, wanasiasa ambao hata siku moja hawajaingia maskani wakasema. Wanawapa watoto wetu vifaa vya kujiua! Na wakati huo utafiti unaonyesha karibu watu 18 katika kila 100 wanaojidunga Kenya wana virusi vya ukimwi, mara tatu ya watu wengine. Sindano zilikuja hata hivyo, na wala vijana wa wenyewe hawakuamka asubuhi wakasema alhamdulillahi sasa kuna bomba la bure ngoja nianze heroini.

Najua mnachosema sasa hivi. Huyu ameenda Kanada amekuwa mzungu, anatudharau. Jamani, ngojeni, na hawa wenyeji wangu nao nina maneno yao.

Hapa wanakufa kuliko sisi. Tangu 2016 Kanada imezika zaidi ya watu 50,000 kwa mambo haya, kwa sababu huku heroini yenyewe imeshapitwa, sokoni ni fentanili, ambayo ina nguvu kama mara hamsini ya heroini, na muuzaji mwenyewe hajui kapima kiasi gani. Kwa hivyo mkidhani wamekuwa watu wema sana, hapana, wamelazimika. Tangu Juni 2023 hapa Ontario mwajiri ambaye kazini kwake kuna hatari ya mtu kuzidisha lazima aweke naloksoni, na kazini kwangu iko ukutani, na napita hapo kila siku nikienda kula. Kuna sheria ya nchi nzima ya 2017 kwamba ukipiga simu kuokoa mtu aliyezidisha, hutashtakiwa kwa kile kidogo ulichokuwa nacho mfukoni. Hiyo nimeipenda, siwezi kusema uongo.

Halafu haohao, mwaka 2025 mwezi wa tatu, serikali ya jimbo ikafunga vituo ambavyo watu walikuwa wanatumia mbele ya manesi, eti viko karibu na shule. Nani hataki shule iwe salama, mimi nina watoto. Lakini yule mtu hakuhama, bado yuko hapo kituo cha basi, tofauti sasa nesi hayupo. Na wanapita. Hicho ndicho kitu sitakizoea. Mtu amelala kwenye ngazi za stesheni na watu wanamruka, wana naloksoni kwenye mikoba, wana kadi za mafunzo, wanamruka. Kwetu teja anajulikana. Mtoto wa Bi fulani, mjukuu wa maalim fulani, tunamtukana, tunamfungia mlango, tunaficha sufuria, lakini akianguka barazani kwangu siwezi kumruka, nitamjua kwa jina na nitapiga ukelele mtaa mzima utoke. Huku mtu anafia kwenye chumba chake anagundulika kwa harufu. Ukinipa nichague mtaa wa kuanguka nitachagua Majengo, ila nataka mmoja wa wale watakaotoka mbio awe ameshika sprei badala ya ndoo. Mbona hilo ni kubwa sana?

Na msiniambie haiwezekani kwetu. Haiwezekani ipi? Tanzania walianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayomtuliza mtu asihitaji heroini, Muhimbili 2011, wakati nchi nyingi za Afrika hata jina hazijalisikia. Sisi tukaanza hospitali ya Mathari, Nairobi, Disemba 2014, Malindi mwaka uliofuata, na Mombasa tunayo Kisauni. Vijana wanaamka asubuhi wanapanga mstari wanakunywa kikombe chao mbele ya nesi wanaenda kazini, wengine sasa wana bodaboda, wengine wameoa, na hao ndio walewale ambao 2012 mlisema hawafai kitu. Kuna watu wa mashirika wanaingia maskani kwa miguu na jua lile, MEWA wako hapo Mombasa, Omari Project wako Malindi tangu miaka ya tisini, wengi wa wanaozunguka waliwahi kutumia wao wenyewe, wanajua kila uchochoro na kila mtu anatumia nini. Huku wanalipa maprofesa kutafuta watu wa namna hiyo. Sisi tunao, halafu hatuwapi kichupa cha dawa cha kutosha.

Binamu yangu anasema, dawa ni kumkamata pusha, muuza unga, basi. Haya mkamateni! Nani kawazuia? Kila mtu mtaani anajua gari lake. Mpaka mtakapomkamata, yule aliyeshajidunga leo saa tisa afanyweje, asubiri kesi iishe? Pusha wa huku Toronto wanakamatwa kila siku na bado nimepewa kipochi famasi.

Ami anasema tutakuwa tunawapa moyo waendelee, mtu akijua ataamshwa hataogopa. Ami, nakuheshimu sana, lakini hujawahi kuona mtu akiamshwa na hii kitu. Anaamka na arosto yote, yale mateso ya kukosa unga, kwa mpigo, anatapika, anatetemeka, anakutukana wewe uliyemwokoa. Hakuna mtu anayeitamani hiyo. Na ya dini usiniambie, aya ya kuhuisha nafsi moja unaijua kuliko mimi, ulitusomesha mwenyewe. Haikuandikwa humo nafsi ya mtu msafi tu.

Na kuna wanaonipitia inbox, wanasema kwa upole sana, dada mambo haya si ya kuandika hadharani, familia zina heshima zao. Sawa. Mimi sikutaja mtu. Lakini hiyo sitara tunayoihifadhi inamsaidia nani? Maiti? Mama yake alishamjua tangu TV ya kwanza ilipopotea.

Wengine mtasema pesa. Hapo angalau tunaongea. 2025 Marekani walipokata misaada, vituo vilivyokuwa vinategemea hela zao viliyumba, na tukaona ukweli kwamba vijana wetu walikuwa wanaokolewa na mlipa kodi wa watu. Inauma. Lakini naloksoni ya sindano haina mwenye hakimiliki tena, viwanda vingi vinatengeneza, haihitaji hata hiyo sprei ya pua ya kifahari waliyonipa mimi. Na afya iko chini ya kaunti tangu 2013, si lazima tungoje Nairobi wala Washington. Kaunti inayoweza kununua mahema na viti vya kila sherehe inaweza kununua vichupa ikawapa wale watu wa mashirika na wale kina mama ambao wanajijua wana mtoto anayejidunga ndani.

Uchaguzi ni 2027 na MCA wetu, mwakilishi wa wadi kwenye kaunti, nasikia anagombea tena, ameshaanza kuonekana mazikoni. Mkimpata msimuulize ya barabara, hiyo hatatengeneza. Muulizeni zahanati yetu ina naloksoni ngapi leo, nani anashika ufunguo, na usiku ufunguo unalala wapi. Mimi nimemuuliza WhatsApp tangu Jumatatu. Tiki mbili za buluu, hajajibu, lakini jana ameniwekea laiki kwenye picha ya harusi ya dada yangu.