Mlevi wa Mwanza naye anahitaji pa kukaa

Wiki hii kuna mzee mmoja, mwenzangu wa zamu ya usiku hapa Leeds, Uingereza, kalalamika tangu tunaingia kazini mpaka kunakucha. Kisa ukumbi wa kanisa anakoendaga mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe) unapakwa rangi, kwa hiyo itabidi apande basi vituo vitatu aende mkutano mwingine. Vituo vitatu! Mi nimenyamaza, nikaendelea kukunja mashuka, ila roho imeniuma jamani, nimemuwaza kaka yangu pale Igombe, Mwanza.

Huku mtu akichoka na pombe anaandika postikodi yake kwenye simu, inamletea mikutano ya wiki nzima, asubuhi, mchana, jioni, anachagua. Anaingia, anapewa chai, anataja jina la kwanza tu, asipotaka kuongea basi haongei. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Mzee alishanichukua siku moja kwenye mkutano wa wazi, ule wanaoruhusu hata sisi tusiokunywa. Niliyoyasikia yanabaki mle mle, ila hili naweza kusema: hakuna aliyecheka, hakuna aliyeguna, hakuna aliyemkatiza mwenzie.

Sasa njoo nyumbani. Kaka yangu kawekewa vikao vya ukoo mpaka tumechoka, baba mdogo anafoka, mama analia, yeye anaangalia chini anaahidi, jioni yuko kilabuni. Wakasema aozwe atatulia, akaozwa, sasa na mke anateseka. Kaombewa, kapelekwa kwa mganga huko Sengerema, na kijijini kahamishiwa. Kila mtu kaongea juu yake. Hajawahi kupewa nafasi aongee yeye, mbele ya mtu ambaye naye mikono ilishamtetemeka asubuhi mpaka kikombe hakishikiki.

Najua mshaanza, "kaenda Ulaya juzi tu keshatuona sisi washamba." Sijamdharau mtu. Mimi ni wa hapo hapo, nimekua nikianika dagaa, na nyumbani kuna kitu huku sijakiona: kaka akianguka barabarani vijana wa boda wanamleta mpaka mlangoni, na ndala zake, na simu iko mfukoni. Huku nimeona mlevi kalala kwenye mvua watu wanampita kama hayupo. Upendo tunao, tena mwingi. Tatizo upendo wetu una mdomo. Kesho yake mwalo mzima wa wavuvi unajua kaanguka wapi, alitapika nini, na mtoto wake anaulizwa shuleni.

Mwingine atasema hayo ni mambo ya wazungu wenye hela. Hela gani? AA ilianza 1935 kule Akron, Ohio, watu wawili walioshindwa pombe, mmoja dalali wa hisa mwingine daktari wa upasuaji, wakagundua wakikaa wakaongea wenyewe kwa wenyewe siku inapita bila kunywa. Hakuna kiingilio, wanapitisha kikapu mwenye nacho anatia, na michango ya watu wa nje hawapokei kabisa. Sasa hicho kitu gani tunashindwa sisi? Kina mama wa Kirumba wanakutana kila wiki kwenye kikoba, hela yao iko kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo zimeshikwa na watu watatu, na haipotei. Watu wanaoweza kulinda hela hivyo mnaniambia hawawezi kulinda siri ya mtu?

Na wa "Yesu anatosha" nawaheshimu, mama yangu anafunga kwa ajili yake na mimi naitikia amina. Lakini tukimaliza kuomba tunaenda kusimulia, ndio maana haji tena.

Kuna jambo moja naomba mlisikie vizuri. Mtu aliyekunywa sana miaka mingi msimfungie ndani aache ghafla. Anaweza kuanguka kifafa, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa, na nyumbani tunasema ni mashetani. Huyo aanzie hospitali, Bugando idara ya magonjwa ya akili ipo, na kwenda pale sio kuwa kichaa. Kikundi ni cha baada ya hapo, kwa zile jioni ambazo dawa zimeisha na kilabu kiko wazi. Tulifurahi viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017, kwani gongo lilienda wapi?

Mwenye darasa, mwenye chumba cha kikoba, mwenye ukumbi wa kanisa au msikiti kuanzia Igombe mpaka Igogo, naomba saa moja kwa wiki. Zile siku za mbalamwezi iwe hata kila jioni, maana dagaa hawavuliwi, wanaume wanashinda mwaloni na hela mfukoni, na kaka yangu huwa anapotea hapo hapo. Chai, sukari na viti nitalipia mimi. Aongoze mtu ambaye mwenyewe alishakunywa akaacha, hata kama hana cheo chochote. Fulana zisichapishwe, mgeni rasmi asiitwe, mwenyekiti wa mtaa asiombe orodha ya majina, na atakayetoa simu apige picha atolewe nje.

Kama kipo kikundi tayari Mwanza kinakaa hivyo, niambieni ni wapi na saa ngapi, nimtumie kaka nauli leo.