Mgahawa mpya wa kisasa mtaani: viazi vyake vimetoka wapi?

Kila mgahawa mpya unapofunguliwa Mbeya, uwe Forest, Soweto, Block T au kule Uyole, mabishano huanza siku ileile. Wako wanaofurahi kwamba jiji limepata mahali pazuri pa kupeleka mgeni. Wako wanaolalamika kwamba ni kuiga Dar es Salaam, bei zake si za mtu wa kawaida, na watu wanaenda pale kupiga picha zaidi ya kula. Hoja zipo pande zote mbili na nitazipima hapa. Ila naona wote wanaliruka swali ambalo kwa Nyanda za Juu Kusini lilipaswa kuulizwa kwanza: jikoni kinaingia nini, kimetoka kwa nani, na aliyekileta amelipwa lini.

Nianze na wanaofurahi, maana hoja yao inadharauliwa sana. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000 katika Jiji la Mbeya. Tuna wanafunzi wa vyuo vikuu, wa MUST, wa Mzumbe na wa Teofilo Kisanji, tuna madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, tuna wafanyabiashara wa Tunduma na wageni wanaoshuka na ndege Songwe. Kwa miaka mingi, ukitaka kutoka jioni ukale na rafiki, mahali palikuwa baa: kitimoto, ndizi za kuchoma, bia, na spika imeelekezwa mezani kwako. Mwenye kupenda baa aende zake kwa amani. Lakini Mbeya ni jiji la makanisa, na familia nyingi hapa haziingii baa hata kwa soda. Mwanamke akikaa baa peke yake saa moja usiku, mtu atakuja kumuuliza anamsubiri nani. Mgahawa usiouza pombe, wenye choo kinachofungwa kwa ndani na maji ya kunawa yanayotoka, umewapa watu hawa mahali. Ndiko siku hizi vinakofanyika vikao vya harusi na bethdei za wanafunzi, na ndiko unakomkuta mama na binti yake wamekaa saa nzima wanaongea bila kusumbuliwa. Anayeita hayo maringo hajawahi kukosa mahali pa kukaa.

Kuna na ajira. Kijana aliyesoma mapishi VETA alikuwa na njia mbili, aende Dar au Arusha, la sivyo arudi nyumbani akauze vocha. Sasa anaweza kubaki hapa. Ajira yenyewe nitairudia, kwa sababu ina upande wake wa pili.

Hoja ya bei naiona nyepesi kuliko inavyosemwa. Kwa mama lishe wa Mwanjelwa sahani ya wali maharage utaipata kwa shilingi 2,000 au zaidi kidogo, na kwenye mgahawa mpya baga na chipsi inaanzia 12,000. Tofauti hiyo inauma, lakini haijatoka hewani. Mwenye mgahawa amelipa kodi ya pango ya miezi sita au mwaka mzima kabla hajauza hata kikombe cha chai. Anapikia gesi, ana friji inayokula umeme mchana na usiku, ana leseni, ana vyeti vya afya vya wafanyakazi, na akishasajiliwa VAT ana ile asilimia 18. Halafu hakuna anayelazimishwa kwenda. Mtu anayetoa 12,000 mara moja kwa mwezi ili watoto wake wakae kwenye kiti kizuri anajua anachokinunua.

Uzito wa hoja ya bei uko nje ya mgahawa, kwa majirani zake. Mtaa ukishapata mgahawa mmoja unaojaa, wenye nyumba wa pembeni nao wanaanza kupiga hesabu. Fremu iliyokuwa ya fundi cherehani inaandikiwa bei mpya. Mama lishe aliyekuwa na meza mbili chini ya mti anaambiwa anaharibu mandhari, na anayemwambia hivyo mara nyingi hakuwepo wakati mama huyo anawalisha mafundi walioujenga huo mgahawa. Hapa wanaolalamika wana haki kabisa. Mama lishe anakwenda sokoni alfajiri, Soweto au Sokomatola, ananunua maharage, mchele, mchicha na nyanya kwa fedha taslimu. Mchuuzi aliyemuuzia anaondoka na hela yake saa ileile. Kwa kipimo cha nani anarudisha fedha kwa mkulima haraka zaidi, mama lishe ameishinda migahawa mingi yenye taa za rangi.

Nisimulie kidogo kuhusu viazi, maana ndipo jambo lote linapoonekana wazi. Niliagiza chipsi na kuku kwenye mgahawa mmoja mpya hapa jijini. Chipsi zilikuja za urefu mmoja, unene mmoja, rangi moja, kama vijiti vya kiberiti. Nikamuuliza mhudumu, "Dada, hivi viazi ni vya wapi?" Akaenda jikoni akarudi. "Ni za pakiti kaka, zinakuja zimegandishwa kutoka Dar." Tulikuwa Mbeya. Umbali mfupi kutoka pale kuna mashamba ya viazi mviringo ya Uyole na Isongole, na usiku huohuo malori yalikuwa yanapakia viazi kushusha Dar es Salaam.

Ni rahisi kukasirika na kuishia hapo. Nilipozungumza na mpishi baadaye, akanieleza sababu ambazo si za kipuuzi. Viazi vinavyokuja sokoni vimechanganywa: aina tatu kwenye gunia moja, vikubwa na vidogo, vingine vimechimbwa kabla havijakomaa kwa sababu bei ilikuwa nzuri wiki hiyo. Kiazi chenye maji mengi kinanyonya mafuta na kinalegea kabla hakijafika mezani. Kiazi kilichokaa kwenye baridi wanga wake unageuka sukari, na ukikikaanga kinakuwa cheusi nje kabla hakijaiva ndani, na baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Anayekaanga kwa mama lishe anakijua kiazi kwa kukishika na anabadilisha moto. Jikoni kwenye oda arobaini kwa saa moja, mpishi anataka kiazi kisichomshangaza.

Kwa hiyo pakiti iliyogandishwa inashinda kwa sababu ya mpangilio wake, na ladha haihusiki hata kidogo. Na mpangilio ni kitu ambacho mkulima wa Rungwe au Mbeya Vijijini anaweza kukitoa akiwa na sababu ya kukitoa. Mbegu zipo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kimeshughulika na viazi kwa miaka mingi, na aina kama Asante, Sherekea na Sagitta wakulima wanazifahamu. Kinachomkatisha tamaa ni soko linalomlipa kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa: limejazwa, limewekewa kilemba, limeshonwa kwa kamba juu, halafu linahesabiwa kuwa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na lumbesa bado ipo. Mkulima anayelipwa kwa lumbesa hana sababu ya kuchagua viazi vizuri na kutenga vibaya. Vyote vinaingia.

Hapa ndipo naona faida ya mgahawa wa kisasa ambayo hata wanaoushangilia hawaisemi. Mgahawa unaweza kuwa mnunuzi wa kwanza mtaani kununua kwa kilo, kwa aina na kwa ukubwa. Unaweza kukiambia kikundi cha wakulima, "Nataka kilo 200 kila Jumatatu, aina moja, vimekomaa, hakuna kilichokatwa na jembe, na nitaongeza bei." Mama lishe hawezi kusema hivyo, hana mtaji huo. Dalali hataki kusema hivyo, faida yake iko kwenye lumbesa. Mwenye mgahawa anaweza, na akifanya hivyo amemsaidia mkulima kuliko semina nyingi zilizofanyika kwenye kumbi za hoteli.

Lakini wengi hawafanyi, na wanaofanya wana ugonjwa wao mwingine, mali kauli, yaani kuchukua mzigo leo na kulipa baadaye. Muuza kuku analeta kuku, muuza mboga analeta mboga, wanaambiwa waje Ijumaa. Ijumaa bosi amesafiri. Wiki ya tatu simu haipokelewi. Nimewasikia wauzaji wa mboga wa Soweto wakisema kwamba mgahawa mzuri wanaupenda kwa macho, ila mzigo wao wanampa mama lishe. Anayejenga ukumbi kwa mamilioni kisha akamkopa mtu wa mchicha amefanya biashara kwa mtaji wa maskini, na sioni namna ya kulitetea hilo. Akitaka kukopa aende benki.

Kahawa na kakao nitazipitia haraka. Mbozi na Mbinga zinalima arabika nzuri sana, na bado kwenye migahawa yetu kahawa ni ya unga wa kopo, inakorogwa na maji ya moto kwenye kikombe chenye umbo la kupendeza. Kakao ya Kyela inaondoka ikiwa mbegu kavu, halafu keki ya chokoleti ya Mbeya inapikwa kwa unga wa kakao ulionunuliwa dukani wenye maandishi ya nchi nyingine. Kukaanga kahawa kidogo kidogo hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji mtu mmoja aliyefundishwa na mashine moja ndogo.

Na kuna baridi. Migahawa mingi mipya imejengwa kama iko Masaki kule Dar: pazia la kitambaa chepesi, bustani wazi, juisi yenye barafu, viti vya chuma. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Julai usiku mteja anakula amevaa koti na chakula kinapoa kabla hajakimaliza. Mahali palipojengwa kwa kumfikiria mtu wa hapa pangekuwa na ukuta unaozuia upepo, jiko la kuotea katikati, na mtori wa moto kwenye ukurasa wa kwanza wa menyu. Wanaosema tunaiga Dar wanaweza kuanzia hapa, ushahidi hauna ubishi.

Narudi kwenye ajira. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza Januari 2026 imepandisha wastani wa kima cha chini kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi, ingawa kila sekta ina kiwango chake. Kwa mhudumu, swali linaanzia chini zaidi ya hapo: ana mkataba ulioandikwa? Michango yake ya NSSF inapelekwa? Sahani ikivunjika anakatwa yeye? Mgahawa ukifungwa saa tano usiku, binti wa miaka ishirini anarudije Isyesye au Nzovwe? Wapo waajiri wanaopanga bajaji ya kuwarudisha wafanyakazi, na jambo hilo dogo linanieleza mengi kuhusu mwenye mgahawa kuliko menyu yake. Majirani nao wana dai lao la muziki wa usiku kwenye eneo la makazi. Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni zake za kelele zinawalinda, na halmashauri isisubiri ugomvi ndipo itume afisa.

Mwisho kuna hoja inayoniwia ngumu, na inatoka kwa wenye migahawa wenyewe. Mmoja aliniambia alianza na ndizi, samaki mbasa wa Ziwa Nyasa na mchele halisi wa Kyela. Wateja wakasoma menyu, wakasema, "Hiki si nakula nyumbani?" wakaagiza piza. Miezi michache baadaye akaondoa ndizi. Siwezi kumlaumu moja kwa moja, biashara haiendeshwi kwa uzalendo wa watu wanaoagiza piza.

Nilimuuliza ndizi zenyewe zilikuwa zinapikwaje. Alisema za kuchemsha na nyama, kwenye bakuli, kama za kila mahali, kwa shilingi 10,000. Mteja alikuwa sahihi basi. Kwa bei hiyo anataka kitu ambacho jikoni kwake hakiwezekani. Kyela ni safari ya saa chache tu kwa gari. Mbasa aliyevuliwa usiku anaweza kuwa mezani Forest mchana, hajagandishwa, amechomwa kwa mkaa, ametolewa miiba na mtu anayejua kazi hiyo, na pembeni wali ambao harufu yake inatangulia sahani. Maziwa mgando ya Tukuyu yanaweza kuja kwenye glasi ya baridi pamoja na asali. Kwa sahani hiyo 10,000 haitakuwa nyingi, na mtu wa piza ataomba kuonja ya jirani yake.