Gari Yangu Inakunywa Hata Ikiwa Imesimama

Jamani hebu mtu anieleze, mlevi akishaketi si huwa ananyamaza kidogo? Premio yangu ikisimama ndo kwanza inaagiza nyingine. Kuna siku jioni nimeweka ya elfu ishirini, kesho yake asubuhi nimetoka Kireka nikipiga mluzi, kufika taa za Jinja Road hapa Kampala kile kitaa cha njano cha mafuta kinanikonyeza. Nikaiuliza, we mama, mimi na wewe tumeenda wapi?

Na usidhani niliendesha. Kutoka Banda mpaka Nakawa nilikuwa nasogea kama mtu anayepanga foleni ya kitambulisho, hatua moja, simama, hatua moja, simama, teksi inachomoa pua huku, boda inapita hapo katikati ambapo hata mbuzi angeomba ruhusa. Nikakaa saa nzima barabarani kwa kilomita ambazo mama yangu angetembea na ndoo kichwani akafika kabla yangu.

Miaka mitatu nimelaumu stesheni ya mafuta. Nilikuwa nashuka kabisa, nasimama mbele ya pampu na miwani, yule binti anachoka ananiambia "ssebo, ni sifuri, angalia", naangalia, ni sifuri kweli, na bado naondoka na kinyongo. Baadaye nikalaumu Wajapani. Halafu serikali, hiyo ni desturi tu.

Kilichoniumbua ni jirani. Tunamwita Afande, kastaafu jeshi, mimi mwenyewe mtoto wa kambi kwa hiyo tunapigana Kiswahili pale getini mpaka majirani Waganda wanadhani tunagombana. Afande ana Premio kama yangu, cc 1800, tena ya kwake imezeeka kuliko ya kwangu, na barabara ni ileile. Siku moja ananiambia eti yake inampa kilomita 11 kwa lita. Nikacheka. Akaniuliza, na yako? Nikanyamaza, maana mimi ni mtu wa "weka ya elfu kumi", leo elfu kumi, kesho elfu kumi na tano, na bei ya lita yenyewe inacheza, hapo utapiga hesabu gani?

Akanilazimisha. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha ile namba ya safari sifuri, tembea wiki, jaza tena mpaka ikate, gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Kujaza tanki banange! Nilishika lile risiti kama barua ya msiba. Wiki ikaisha, tukagawanya kwa simu yake. Sita nukta mbili. Afande akagawanya tena akidhani simu imekosea.

"Kijana," akasema, "fungua buti."

Sasa hapo ndo aibu. Kwenye buti kulikuwa na jeki mbili, moja mbovu, jerikeni la maji la lita ishirini, mkungu wa matooke ambao sikumbuki ni wa harusi ya nani umekauka kama kuni, na mifuko miwili ya simenti ya kilo hamsini hamsini niliyonunua mwaka juzi nimalizie ukuta. Simenti ilikuwa imeshakunywa unyevu ikaganda, tena imeganda kwa umbo la buti, ile kona ya taa imejichora vizuri kabisa. Tuliitoa watu watatu. Mke wangu akaitazama akasema kumbe ukuta ulijengwa, ila ulijengwa ndani ya gari.

Nikajua nimeokoka. Wapi! Afande ananiambia kila kilo hamsini inakula kama asilimia moja tu, kwa hiyo mgongo wangu wote ule umenunua asilimia mbili na ushee. Nilitamani niirudishe.

Tukaenda kwenye matairi. Pale mlango wa dereva ukiufungua, kwenye fremu, kuna kikaratasi kinasema upepo uwe kiasi gani, miaka mitatu nimekifungia mlango usoni bila kukisoma. Mimi tairi nilikuwa naipima kwa teke. Ikirudisha teke, iko sawa. Tulipoweka geji, tairi moja ya nyuma ikasoma 20, na inatakiwa zaidi ya 30. Tairi likilegea linajikunja kila likizunguka, na huo mkunjo injini ndo inaulipia.

Lakini Afande aliniambia hayo yote ni senti, noti ziko mguuni. Akapanda na mimi siku ya Jumatatu, sitasahau. Mimi nikiona nafasi ya mita ishirini mbele, nakanyaga, naifikia, nakanyaga breki, na roho inatulia kwa sababu hakuna teksi iliyoingia. Yeye kila nikikanyaga breki anasema "mia mbili". Breki: "mia mbili." Kufika Lugogo nilikuwa nimeshatukanwa pesa ya chai ya wiki. Nikamuuliza kwani breki inatumia mafuta? Akasema breki haitumii, breki inatupa, mafuta umeyachoma kuisukuma hii tani na zaidi mpaka ikashika mwendo, halafu huo mwendo umeugeuza moto kwenye pedi. Yeye akiona taa nyekundu kule mbali anaondoa mguu, gari inajiendea yenyewe pole pole, teksi zinamuingilia mbele tatu, nne, anazipungia mkono. Mimi siwezi hiyo roho. Huko ni kuokoka siyo kuendesha.

Na nyutro! Hii inaniuma kuliko zote. Baba mkwe wangu ndo alinifundisha, ukifika mteremko tia nyutro, yaani toa gia, mafuta yapumzike. Kampala hii yote ni vilima, piga hesabu miaka mingapi nimeteremka kwa heshima ya baba mkwe. Kumbe injini hizi za kisasa ukiiacha kwenye gia na mguu umeutoa, inakata petroli kabisa, magurudumu ndo yanaizungusha. Ukitia nyutro inabidi inywe ili isizime. Na gari inakosa kushikwa na injini, breki peke yake ndo inakuombea. Sijamwambia mzee. Nitamwambiaje?

Mwisho Afande akaangalia ule mshale wa joto. Tumeendesha dakika arobaini, mshale umelala chini karibu na C, yaani baridi. Akaniuliza thamostati iko wapi, kile kidude kinachozuia maji ya kupooza injini mpaka ipate joto. Nikamwambia kwa fahari kabisa fundi aliitoa, alisema Uganda ina joto, hicho kidude ni cha nchi za baridi. Afande akafumba macho. Kumbe injini isipopata joto lake inadhani ndo kwanza asubuhi, kwa hiyo inamwagiwa petroli ya ziada kama mgonjwa wa uji, siku nzima, miaka mitatu. Na lile jamu ninalokaa saa nzima na AC inavuma, hiyo lita karibu nzima inaondoka sijagusa hata gia.

Basi nikanunua thamostati, fundi mwingine akaifunga, akaweka na kulanti, yale maji ya kupooza injini. Jana asubuhi natoka, nimepanda Banda, naona mshale unaamka. Unapanda. Mimi huo mshale sijawahi kuuona umesimama toka ninunue hii gari. Ukafika katikati kabisa, kumbe ndo mahali pake. Jasho likanitoka, nikawasha taa za hatari, nikapaki pembeni, nikafungua boneti, nimeshika jerikeni la maji nasubiri ichemke.

Vijana wa boda wakanizunguka, watano hivi, kila mmoja ameinamisha kichwa ndani ya boneti. Nikawaambia mshale umepanda mpaka katikati. Mmoja, mkubwa wao, akatikisa kichwa kwa huruma, akanishika bega.

"Pole mzee. Hiyo dawa yake ni moja tu, toa thamostati."